Sweta ya Petta na mbegu zisizotaka kushuka

Mahindi yakishavunwa na mabua yakabaki yamesimama makavu, vijia vya Petta hubadilika tabia. Kata hii ndogo ya Budama Magharibi, wilayani Tororo, si mahali pa lami nyingi. Watu hukata mashamba kwa miguu kwenda sokoni, kisimani, shuleni na kanisani. Kuanzia Desemba hadi mvua za Machi, kila anayepita humo hutoka na kitu nguoni. Soksi za mwanafunzi hugeuka nyeusi kwa vijiti. Pindo la gomesi hubeba masuke ya nyasi. Na aliyevaa sweta ya manyoya, huyo amejitakia mwenyewe: ataketi kibarazani akichambua mpaka giza liingie, na bado asubuhi shingo itamwasha.

Ni taabu ndogo, hakuna anayempelekea mbunge malalamiko yake. Hata hivyo, katika eneo hili la mpaka wa Uganda na Kenya taabu hiyo imekutana na mambo mawili makubwa. La kwanza ni biashara ya mitumba, iliyoyaleta manyoya ya nchi za baridi kwenye mashamba ya joto. La pili ni mmea wa kigeni ambao wakulima wenyewe wameupanda katikati ya mahindi yao, wakijua fika kwamba unanata. Ndiyo maana kabla hujaanza kuisugua sweta inafaa ujue kwanza ni nani aliyeing'ang'ania. Kila mbegu ina namna yake ya kushika, na kila namna ina dawa yake.

Mhusika mkuu ni kishona nguo. Waganda hukiita sere, wataalamu hukiita Bidens pilosa, na asili yake ni mabara ya Amerika. Siku hizi hakuna shamba, uwanja wa shule wala ukingo wa barabara Afrika Mashariki ambao hakijaupata. Ua lake ni dogo, la manjano katikati, na likikauka hufumuka likawa tufe la sindano nyeusi zilizoelekea kila upande, zikimngoja mpita njia.

Chukua sindano moja uiweke kiganjani. Ni kibegu chembamba, cheusi, urefu wake kama sentimita moja, na kwenye ncha kina vijimwiba viwili au vitatu vya rangi ya majani makavu. Kwa macho matupu vijimwiba hivyo ni laini. Ukivitazama kwa kioo cha kukuza, au ukaisogeza kamera ya simu karibu, utaona kila kimoja kimezungukwa na vimeno vidogo zaidi, na vyote vimelala kuelekea nyuma, kama chusa cha mvuvi. Kuingia kwenye uzi ni rahisi kabisa. Kutoka kwa njia kiliyoingilia ndiko kisikotaka. Mtu akivuta kwa hasira mwili wa mbegu hukatika, vijimwiba vikabaki ndani ya kitambaa, na hivyo ndivyo vinavyokwaruza wiki nzima huku mwenye nguo akidhani ni viroboto.

Mche mmoja uliokomaa unaweza kutoa mbegu zaidi ya 3,000, na hizo nazo si za aina moja. Zile ndefu za katikati ya ua huota upesi zikipata unyevu. Zile fupi za pembeni, zenye ngozi ya vipele, huchelewa, zikisubiri msimu mwingine. Kwa hiyo hata mkulima akifagia shamba lote leo, kuna akiba imekwisha kuwekwa chini. Ninayoiona nguoni ni ile ndefu, ile iliyotumwa mbali.

Kishona nguo kina wenzake. Kuna nyasi ambayo suke lake zima hunata; ukilipitia linang'oka na kujisokota kwenye mkono wa sweta. Kuna mmea wenye mkia mrefu wa mbegu zilizoinamia chini, Achyranthes aspera, ambao ukiushika kutoka juu kwenda chini ni laini na ukirudisha mkono unachoma. Kuna vitufe vidogo vya kahawia vyenye ndoana pande zote, hivi hupenda mikia ya ng'ombe na manyoya ya mbwa kuliko watu, ingawa jaketi zito havilikatai. Ukichanganya na mabaki ya kawaida ya shamba, yaani ndevu za mahindi, makapi ya mtama, vumbi la wimbi na majani makavu yaliyosagika, unapata nguo ambayo mama yeyote akiiona atamuuliza aliyeivaa swali lile lile: wewe mtoto, umepita wapi?

Lakini kwa nini manyoya, mahali ambapo saa sita mchana jua linachemsha? Jibu liko kwenye bodaboda. Inajulikana kuwa kazi hiyo ilizaliwa hapa hapa, Busia, miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipoanza kuwavusha abiria na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha upande mmoja na cha upande wa pili. Baiskeli zimepisha pikipiki, na upepo wa pikipiki saa kumi na moja alfajiri hauna huruma hata ukiwa karibu na ikweta. Dereva hununua jaketi zito lenye manyoya ndani na nje, pengine la saizi ya mtu mwingine, akalivaa nyuma mbele ili kifua kisipigwe na baridi. Mchana hulifunga kiunoni au kulitupa kwenye majani chini ya mti wa kijiweni. Hapo ndipo mbegu zinapolipata.

Kitambaa chenyewe hakikubuniwa kwa ajili ya shamba la mihogo. Mwaka 1979 kiwanda cha Malden Mills cha mjini Lawrence, Marekani, kilitengeneza kitambaa cha polyester kilichofumwa kwa vitanzi, kisha vitanzi hivyo vikachanwa kwa brashi za waya mpaka vikafumuka kuwa manyoya. Kampuni ya Patagonia ndiyo iliyokivumisha kwa wapanda milima. Ni chepesi, kinakauka haraka na kinatunza joto. Baada ya miaka kadhaa mabegani mwa Wazungu, majaketi hayo hufungwa kwenye mabelo, hushuka Mombasa na kupanda na malori hadi Busia na Malaba. Waganda huyaita mivumba. Agosti 2023, akizindua viwanda mjini Mbale, si mbali na Tororo, Rais Museveni alitangaza kwamba anapiga vita nguo hizo, akisema ni za Wazungu waliokufa. Wauzaji walipinga, masoko yaliendelea, na mabelo hayakuacha kufunguliwa. Mimi naona hoja ya viwanda vya ndani ina uzito wake, lakini anayeamka saa kumi usiku kwenda kijiweni hanunui hoja, ananunua joto.

Tatizo ni kwamba kitambaa kilichochanwa namna hiyo kina maelfu ya nyuzi zilizopinda zikingoja kunaswa. Sweta za shule, zile za uzi wa akriliki zilizofumwa kwa mashine, nazo ni hivyo hivyo, isipokuwa matundu yake ni makubwa zaidi na mbegu hupenya mpaka ndani.

Basi tusafishe. Jambo la kwanza ni kutoloweka. Wengi hukimbilia karai na sabuni, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Maji hulainisha mwili wa mbegu, ukisugua unakatika na vijimwiba vinabaki. Kama nguo ni ya sufu halisi, kusugua na maji ya moto hukaza nyuzi zikajishika pamoja na uchafu wote uliomo. Na ikifuliwa pamoja na nguo nyingine, zote zitagawana mbegu bila ubaguzi. Anika kwanza. Nguo ikikauka kabisa, ikung'ute kwa nguvu juu ya saruji au ardhi iliyofagiwa, mahali utakapoweza kukusanya kinachoanguka. Makapi na majani makavu mengi yatatoka hapo hapo.

Kishona nguo sasa. Geuza sweta ndani nje. Pale kilipopenya utaona ncha zimechomoza. Zishike kwa kucha mbili au kwa kibanio kidogo, uvute kuelekea mbele, kule mbegu ilikokuwa inakwenda. Vimeno vyake vikiwa vimelala nyuma havina cha kushikia, na mbegu nzima hupita bila kuchana uzi. Ukikiona mara moja hutarudia kuvuta kinyume. Kwenye jaketi nene la manyoya ambako ncha haikutokeza upande wa pili, bana kitambaa kwa mkono mmoja kikae bapa, shika mbegu karibu kabisa na vijimwiba, si mkiani, kisha itoe kwa mstari ule ule ilioingilia. Ni kimoja kimoja, hakuna njia ya mkato. Watoto wana macho mazuri na vidole vyembamba, na katika nyumba nyingi kazi hii ni yao, pamoja na maneno yake yote.

Selotepu husifiwa kupita kiasi. Inaondoa vumbi, ndevu za mahindi na nyuzi za pamba, basi. Mbele ya vimeno vya kishona nguo haifui dafu. Kwa makombo ya majani yaliyozama kwenye manyoya, glavu ya mpira iliyonyunyiziwa maji kidogo hufanya vizuri zaidi: ipitishe kuelekea upande mmoja tu, makombo yanajiviringisha na kuokotwa. Suke la nyasi linalonata lichanue kwa kitana chenye meno ya karibu, kile cha kutolea chawa, ukianzia kwenye shina la manyoya kwenda nje. Kwa tufe lenye ndoana pande zote, usilivute kamwe. Libane kwa koleo mpaka lipasuke, ndoana zivunjike, halafu uchambue vipande. Kama liko kwenye ncha za manyoya tu, mkasi ni mwepesi zaidi na hakuna atakayeona pengo.

Moto usisogee. Nimeona watu wakipitisha kiberiti haraka juu ya blanketi la pamba kuunguza vinyuzi, na kwa pamba pengine hupona. Polyester haiungui hivyo, inayeyuka, ikashikana na ngozi. Pasi ya mkaa nayo ni adui yule yule: dakika moja tu na manyoya yanakuwa bamba la plastiki lenye mbegu ndani.

Sasa tuje kwa yule mgeni aliyealikwa. Mashamba ya Tororo, Busia na ng'ambo Kenya yamesumbuliwa muda mrefu na kiduha, gugu lenye maua mazuri ya zambarau ambalo Wajaluo hulijua kama kayongo. Kiduha hakijitafutii chakula chote chenyewe. Mizizi yake hujiunga na mizizi ya mahindi, mtama au wimbi na kunyonya kabla hata hakijatokeza juu ya ardhi, na mbegu zake, ndogo kuliko chembe ya ugoro, hukaa udongoni miaka kumi na zaidi zikingoja nafaka ipandwe. Juu ya ardhi kuna bungua, kiwavi anayetoboa bua kutoka ndani.

Miaka ya 1990 watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, wakifanya kazi Mbita kando ya Ziwa Victoria pamoja na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza, walitoa mbinu inayojulikana kama vuta-sukuma. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Zeyaur Khan. Pembezoni mwa shamba unapanda matete ya ng'ombe, au siku hizi nyasi za brakiaria, yawavute nondo wa bungua wakatage huko. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mkunde unaotambaa, uwasukume nondo nje. Mbinu ilivuka mpaka ikafika Tororo, Busia na wilaya jirani. Desmodiamu ilileta faida ambayo haikutarajiwa: mizizi yake hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kiduha kisha kuzizuia zisijishikize kwenye mizizi ya nafaka, zikafa njaa. Viwavijeshi vamizi walipoingia eneo hili, utafiti wa mwaka 2017 kwa wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha kwamba mashamba ya vuta-sukuma yalikuwa na viwavi pungufu kwa zaidi ya asilimia 80. Na ng'ombe hula desmodiamu kwa hamu.

Na inanata. Ganda lake ni refu, limegawanyika kwa pingili, na kila pingili hukatika peke yake ikiwa na mbegu moja ndani. Pingili hizo zimefunikwa pande zote mbili na vinywele vilivyopinda kwenye ncha. Hazitoboi nguo wala hazichomi, zinalala tu juu ya manyoya, na ndani ya dakika chache mvunaji anakuwa na mistari ya kahawia kuanzia goti hadi kifuani. Hata majani yenyewe, ukiyabandika kwenye shati, yanakaa.

Mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alirudi matembezini akakuta mbegu za namna hiyo, za mmea wa Ulaya, zimemjaa mbwa wake. Alizitazama kwa hadubini, akaona ndoana upande mmoja na vitanzi upande wa pili, na mwaka 1955 akapata hataza ya ule mkanda wa kubandika na kubandua tunaoujua kwa jina la Velcro, uliomo sasa kwenye mikoba ya shule na viatu vya watoto. Kwa hiyo jaketi la manyoya likikutana na desmodiamu, kila upande umeleta nusu yake.

Ndoana za desmodiamu zimezua mjadala mpya. Maelezo ya awali yalikuwa kwamba nondo hufukuzwa na harufu ya desmodiamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo cha Sweden, katika kazi iliyotolewa miaka ya karibuni, waliona jambo jingine: viwavi wachanga hupanda kwenye mmea huo na kunaswa na vinywele, wengine wakitobolewa ngozi, hadi wakafa. Wenzao wanaotetea harufu hawajanyamaza. Mkulima hahitaji kungoja wamalize, maana mahindi yanasimama kwa vyovyote, lakini kwangu ushahidi wa ndoana una mvuto wa pekee kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kupita shambani humo na sweta amekwisha kuuona kwenye mikono yake.

Kuitoa si vigumu ukijua kwamba haijapenya. Tandaza nguo juu ya meza au paja, ivute iwe bapa, kisha pitisha mgongo wa kisu au ukingo wa kadi ya benki kwa kuulaza, ukikwangua upande mmoja. Pingili zitajikusanya kwenye rundo. Ukikwangua huku na huku unazirudisha. Bora kuliko yote ni kutoivaa sweta hiyo siku ya kuvuna: ovaroli ya khaki iliyofumwa kwa kubana, au koti la mvua la nailoni, haina pa kushikwa. Maganda ya desmodiamu hayakomai siku moja, kwa hiyo mvunaji hurudi tena na tena kwenye mstari ule ule, na nguo laini humwokolea jioni nzima.

Tofauti kubwa inakuja baada ya kukwangua. Mbegu ya desmodiamu ni ghali na haipatikani kila duka, ndiyo sababu wengi huanza kwa kuomba vipande vya mashina yake kwa jirani. Kinachotoka nguoni ni mali: kitiwe kwenye kopo kavu pamoja na mavuno mengine. Kishona nguo ni kinyume chake, na hapa ndipo watu wengi wanapojitafutia kazi. Wanachambua sweta kwa uvumilivu wa ajabu, halafu wanafagia mbegu nje ya mlango au kuzitupa kwenye jaa la samadi, na samadi hiyo inarudi shambani Machi. Zikusanye kwenye karatasi, uzitie jikoni chini ya chungu.

Mpaka nao hauzizuii. Kituo cha pamoja cha Busia kilichozinduliwa Februari 2018 kina maafisa wa ukaguzi wa mimea wa nchi zote mbili, na mfanyabiashara wa mbegu ataonyesha vyeti vyake hapo. Kishona nguo huvuka kwenye suruali. Kwa wale wanaopita njia za panya, kukwepa ushuru wa sukari au mafuta ya kupikia, ni shahidi asiyehongeka: mtu akisema amekuja kwa barabara kuu ilhali magoti yamejaa vijiti vyeusi, hakuna haja ya kumhoji zaidi.

Sweta za Desemba, ukizifuatilia nyuma, huamuliwa Oktoba na Novemba. Mahindi ya msimu wa pili yakishamzidi mtu kimo, kila mmoja huona shamba halihitaji tena jembe. Palizi ya mwisho huachwa, vijana wanarudi kijiweni, na chini ya mabua kishona nguo kinapata mwanga wa kutosha kuchanua bila kuguswa. Hiyo ndiyo wiki ya kuingia na panga, au hata mikono mitupu, maua yakiwa bado ya manjano. Hakina mizizi ya kina, kinang'oka kizima, na kikiwa hakijatoa mbegu unaweza kukiacha hapo hapo kikaoza kati ya mistari. Machipukizi yake machanga, yakichumwa kabla ya kuchanua, huchemshwa na kuchanganywa na mboga nyingine ili kupunguza ukakasi wake.